Swali la Fundi Hoza katika Nchi ya Vyumbani

Njia aliyopita fundi Hoza mpaka kufika nchi ya Vyumbani tuiache kama ilivyo. Mwenyewe hawezi kuieleza, na waliojaribu kuifuata kwa maelezo yake waliishia Segera, wakala mishikaki, wakarudi nyumbani. Itoshe kwamba alifika asubuhi, viatu vikiwa vikavu, na kifuani amebeba swali lililomshinda kulitua.

Hoza alikuwa fundi wa majiko ya mkaa mjini Korogwe, mtu wa utani uliopita kiasi. Watu walimpelekea majiko mazima, ili mradi wasimangwe kidogo, wacheke, warudi zao. Mkewe, Mwanahawa, ndiye peke yake aliyemweza kwa maneno. Mwanahawa alipoanza kukohoa, Hoza alimwambia amemeza filimbi. Mama wa watu akacheka. Akicheka anakohoa, akikohoa filimbi inalia, na mchezo huo ukaenda siku tatu. Siku ya nne Hoza alimpeleka hospitali. Siku ya kumi daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimwita pembeni.

"Mzee wangu, ugonjwa wenyewe tuliushinda tangu juzi. Lakini askari wa mwili wake walipigana kupita kiasi. Mapafu yameungua kwa vita vyao."

Hoza aliitikia "ahsante" kama mtu aliyekaribishwa chai. Tangu amzike Mwanahawa hakumtania mtu, na majiko mazima yakaacha kuletwa.

Nchi ya Vyumbani ni milima miwili iliyokaa ubavu kwa ubavu, wa kulia una matuta matatu, wa kushoto mawili. Milima hiyo si ya mawe. Ni vyumba vidogo visivyohesabika, vimening'inia kama vichala vya zabibu, kuta zake nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Kutwa kucha upepo unaingia nchini mpaka chumba cha mwisho, kisha unatoka wote. Wenyeji wanaishi kwa upepo huo na sheria yao ya kwanza imetokana nao: mtu husema upepo unapotoka, na hufunga mdomo upepo unapoingia. Mgeni huona ni usumbufu. Baadaye hugundua kwamba ugomvi mwingi wa huko hupoa upepo ukiwa bado uko ndani.

"Swali lako?" aliuliza karani wa lango, mtu mwenye wino mpaka kwenye nyusi. Huko hakuna anayeingia bila swali.

Upepo ukaingia. Wakatazamana. Upepo ukatoka.

"Kuna chai?"

Karani akainama kuandika.

"Usiandike, bwana! Natania."

"Hapa langoni hatutaniwi. Swali lako?"

Hoza aliona aibu, maana ule ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msibani. Akasubiri upepo, akasema: "Mke wangu aliuawa na nani? Ni ugonjwa, au ni askari wake mwenyewe?"

Karani aliandika, akapiga muhuri, na uso wake ukachangamka. "Swali zuri sana hili. Linapimika."

Swali lile lilikuwa na sehemu ya tatu, inayohusu zile siku tatu za filimbi. Hoza aliimeza.

Akapelekwa kukaa kijiji cha mfano. Vyumbani wana vijiji vingi vya namna hiyo, na hujengwa viwiliviwili: kimoja huitwa Kulia, kingine Kushoto. Kila kimoja ni nchi nzima iliyopunguzwa mpaka ikaenea uwanja mmoja, milima yake miwili, vyumba vyake, upepo wake wa haraka haraka. Kasoro ni kwamba katika vijiji hivyo mlima wa kushoto una tuta moja badala ya mawili. Hoza alipouliza, aliambiwa ni tofauti ndogo. Wakazi wake wanamfikia mtu kiunoni, nywele nyeusi tii, masikio mapana, meno mawili ya mbele yamechomoza. Mtu mwenye adabu asingesema wanafanana na nini.

"Mnafanana na panya," Hoza alimwambia mwenyeji wake.

"Na wewe unafanana na mtu aliyesahau mlango wazi," mwenyeji akajibu, "panya wakaingia."

Hoza akacheka mpaka akavunja sheria, upepo ukamkuta mdomo wazi. Mwenyeji huyo hakuwa na jina. Kijijini hapo watu hutambuliwa kwa mapengo waliyokatwa masikioni, na yeye alikuwa na moja kulia, mawili kushoto. Kazi yake ilikuwa kufagia vyumba. Hoza akamwita Bi Fagio, naye akalipokea jina kama kanga mpya, akawa analitamka peke yake akiwa kazini.

Kutwa alimfuata chumba hadi chumba. Sakafu zilikuwa safi ajabu. Wakazi wote walizaliwa wiki moja, wakalishwa chakula kimoja cha tembe ngumu, wakalalia maranda ya mbao yaliyochemshwa, na tangu wazaliwe hapakuwa na uchafu wowote ulioruhusiwa kupita mlangoni.

"Sasa unafagia nini, shemeji?"

"Nafagia nilipofagia jana."

Pembeni ya ngazi waliketi wazee wawili, wazee wa cheo tu, wa chama cha Kumbukumbu, madaftari wameyafunua magotini. Kazi yao ni kuandika kila adui aliyewahi kupita, ili akirudi atambulike mlangoni. Madaftari yalikuwa meupe pe. Bi Fagio alieleza kwamba mwaka juzi Baraza Kuu la nchi liliwaondoa wazee hao katika kijiji kimoja cha Kulia, wakaona kijiji hakikupungukiwa na kitu, wakaamua kwamba Kumbukumbu ni chama cha wavivu. Wakastaafishwa katika nchi kubwa nzima. Tangu hapo kila masika nchi kubwa huvamiwa na ugonjwa uleule, na kila masika huupa jina jipya.

"Lakini hapa wangekumbuka nini, na hamjawahi kuugua?" Hoza aliuliza.

"Hilo nalo ni swali," alisema Bi Fagio. "Usilipeleke langoni."

Chini kabisa ya kijiji palikuwa na kambi ya Watu wa Moto. Hao ni vijana wa siku moja, hawahesabiwi katika wakazi. Wanazaliwa alfajiri, wanakula, wanakaa tayari na mienge yao, na baragumu lisipolia wanakufa jioni bila kinyongo. Likilia, wanapanda mbio, wanachoma adui, wanachoma alipokaa, wanachoma na ukuta alioegemea, halafu wanaanguka palepale.

"Na baragumu la kuwarudisha ni lipi?"

"Halipo."

"Jamani! Mimi nauza jiko la mkaa Korogwe, nampa mteja na kifuniko cha kuzimia!"

"Ndiyo kazi yetu sisi," Bi Fagio akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu cha jikoni. "Tunapita, tunamshika kijana bega, tunamwambia basi, inatosha, rudi. Aliyekufa tunamwondoa kabla hajaziba mlango. Zamani tulikuwa wengi. Baraza likasema watu wa kufagia vyumba visafi wa nini wengi hivi."

Hoza akaketi ngazini. Kisha akamsimulia habari ya Mwanahawa, akasimulia mpaka ile sehemu aliyoimeza langoni. Bi Fagio aliweka ufagio chini.

"Zile siku tatu, alikuwa anacheka kweli?"

"Anacheka mpaka anaomba nimwache."

"Basi siku hizo tatu alikuwa bado na upepo wa kuchekea."

Maneno hayo yalimpoza Hoza kwa muda wa upepo mmoja. Upepo uliofuata yalimchoma, maana aliona kwamba ule upepo wa kuchekea ndio aliommalizia kwa utani wake.

"Usijali," Bi Fagio akasema. "Siku si nyingi utajua angalau zile sehemu mbili. Watatutumia sisi."

"Watatumia nini?"

Akamtazama kama anayetazama mgeni aliyekula pilau yote bila kujua ni ya hitima. "Hukuambiwa? Kwa kila swali kijiji cha Kulia huondolewa chama kimoja. Hiki cha Kushoto huachwa vilevile. Halafu vyote viwili hudondoshewa Ukungu, ugonjwa wenyewe, mlangoni, watu wahesabiwe. Ndiyo maana mwulizaji hukaa na sisi. Ni heshima, tujue tunamfia nani."

"Nyinyi hamwondolewi mtu, na Ukungu mnapewa?"

"Sasa watalinganisha na nini, shemeji?"

Hoza alikimbia mpaka langoni, akagonga meza kwa kiganja. "Nalifuta swali langu!"

Karani alisubiri upepo kwa adabu zote. "Swali likishapigwa muhuri ni la nchi. Lakini tuseme limefutwa. Kijiji kisicho na swali hufungwa kikifika wiki ya kumi na mbili, hatuna nafasi ya kukiweka. Chako kina wiki kumi na moja."

"Kufungwa maana yake nini?"

"Maana yake ni kwamba watakufa bila kumsaidia mtu. Nifute?"

Hoza alisimama pale mpaka karani akahudumia wageni wengine wawili. Hakusema afute, hakusema asifute, na kimya hicho kikahesabiwa kuwa ridhaa.

Baraza Kuu lilikaa siku iliyofuata, na Hoza alipewa kiti cha mbele. Mkuu wa Maswali alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo. Alifungua kikao kwa kusoma Kanuni ya Upole: wakazi wasitishwe, maranda yawe laini, na asitumike hata mmoja zaidi ya wanaohitajika. Wakajadili idadi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Upande mmoja ulitaka watu kumi na wawili kila kijiji, upande mwingine ukathibitisha kwa hesabu ndefu kwamba kumi wanatosha. Kumi wakapita. Baraza likapiga makofi kwa wale waliookolewa, kisha likawapangia swali jingine la Alhamisi.

Msemaji wa Watu wa Moto akasimama na ngoma yake. "Mnataka kuwaondoa Watu wa Moto huko Kulia? Nani aliokoa tuta la pili mwaka wa Ukungu mkubwa? Waulizeni Wafagizi walikuwa wapi!"

Watu wakageuka kuwatafuta Wafagizi. Hapakuwa na hata mmoja ukumbini. Walikuwa wanafagia.

Wakati wa mapumziko Mkuu alimfuata Hoza. "Unatuona makatili."

"Nawaona mna mpangilio."

Mkuu akatabasamu kwa uchungu. "Mwanangu wa kwanza alikufa kwa kifaduro, ana miezi minne. Niliuliza swali. Vijiji hamsini na sita, fundi. Leo katika nchi nzima hakuna mtoto anayekufa kwa kifaduro. Nikimbeba mjukuu wangu nasikia kifua chake kinavyopanda na kushuka." Upepo ukaingia, naye akausubiri. "Hiyo hamsini na sita naijua kwa sababu naihesabu kila siku."



Ukungu ulidondoshwa matone mawili, kwa upole. Kulia, ambako Watu wa Moto walikuwa wameondolewa, Ukungu ulipanda kuta kama ukoga, hakuna aliyeugusa isipokuwa Wafagizi wachache, na siku ya tatu upepo wa kijiji kile ulikoma. Dada yake Bi Fagio alikuwa huko. Walizaliwa tumbo moja, hawakuwahi kuonana.

Kushoto baragumu lililia siku ya pili. Vijana walipanda na mienge, na siku ya nne Ukungu ulikuwa umekwisha kabisa. Baraza likatangaza ushindi na msemaji akapiga ngoma yake. Lakini Hoza alikuwa kijijini, aliyaona mwenyewe. Vijana waliendelea kupanda, wanachoma mahali pasipo na kitu. Kuta zilitoboka, maji yakaingia vyumbani kutoka nje, miili ya vijana ikaziba ngazi. Bi Fagio alikuwa anapita katikati ya moshi anashika mabega. Basi, mwanangu. Inatosha. Rudi. Mara akawa anafagia maiti, mara anashika bega, na kila alipomaliza chumba kimoja, nyuma yake vitatu vilikuwa vinawaka.

Upepo wa kijiji ukafupika, na kwa kuwa watu husema upepo unapotoka tu, maneno nayo yakafupika. Siku ya tano wakazi walisema sentensi nusu. Siku ya saba walisema neno moja moja. Hoza aliyafahamu mazungumzo hayo. Aliyasikia pembeni ya kitanda namba kumi na nne, ambako Mwanahawa alitumia pumzi mbili za mwisho kumwuliza kitu ambacho hakuna mtu angedhani.

"Jiko…"

Hoza alisubiri.

"…umezima?"

"Nimezima," Hoza alijibu, na hakuwa anakumbuka kama kweli alilizima.

Sasa Bi Fagio alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, ufagio magotini, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Majirani zake tisa walikuwa wamekwisha nyamaza.

"Shemeji," akasema. Upepo ukaingia kidogo, ukatoka. "Wamezima?"

Chumba cha tatu kutoka pale bado kilikuwa kinawaka.

"Wamezima," alisema Hoza.

Bi Fagio akafumba macho. Hoza akachukua ule ufagio, akapanda mpaka chumba cha tatu. Hakuwa na uhakika anafanya nini, ila alikuwa fundi wa majiko. Alimkuta kijana mmoja na mwenge, anatetemeka, anachoma ukuta mtupu huku analia. Akamshika bega.

"Basi, mwanangu. Rudi."

Kijana akaketi chini, akafa kama wanavyokufa, na mwenge ukazimika naye.

Siku ya nane asubuhi upepo wa Kushoto ulirefuka. Si sana, lakini Hoza aliusikia. Aliposhuka alimkuta Bi Fagio amefumbua macho.

"Umefagia vibaya," Bi Fagio akasema, sentensi nzima, "umeacha majivu pembeni."

Hoza alicheka huku machozi yanamchuruzika. Akamwambia atamfundisha kutengeneza majiko, atamhamishia Korogwe, atamkalisha dukani awe anawasimanga wateja kwa zamu. Bi Fagio akasema wateja wa huko wana bahati mbaya. Walikuwa bado wanabishana juu ya nani atakaa kiti cha mbele pale maofisa wawili wa Baraza walipoingia, wamevaa joho safi, wamebeba maranda laini.

"Wa kumi ni huyu?" mmoja aliuliza.

"Amepona," alisema Hoza. "Huyu amepona!"

"Ndiyo. Kwa hiyo lazima vyumba vya kifuani mwake vitazamwe ndani." Ofisa alisema kwa upole wote unaotakiwa na kanuni. "Hataona maumivu."

Hoza akasimama mlangoni. Bi Fagio akamvuta shati, akasubiri upepo utoke vizuri, kwa sababu sasa ulikuwa mrefu na aliutaka wote.

"Shemeji, nilijua hawajazima. Sauti yako haifai kudanganyia." Kisha akawageukia maofisa. "Kwenye karatasi yenu mniandike Bi Fagio."

Wakamwandika moja-kulia-mbili-kushoto. Karatasi yao haikuwa na nafasi ya jina.

Jibu lilisomwa mbele ya Baraza zima. "Katika kijiji cha Kulia, ambako Watu wa Moto waliondolewa, wakazi wote kumi walikufa kwa Ukungu. Katika kijiji cha Kushoto, ambako waliachwa, Ukungu uliisha siku ya nne, na wakazi tisa walikufa kwa moto. Hivyo Watu wa Moto ni wa lazima, na Watu wa Moto ni wa hatari. Mkazi wa kumi vyumba vyake vilikutwa vimefagiwa. Sababu haikujulikana, na kwa kuwa ni mmoja, hakuingizwa katika hesabu. Kuhusu marehemu mke wa mwulizaji, ambaye hakuwa mkazi wa kijiji cha mfano, Baraza halina uhakika."

Makofi yakapigwa. Hoza akasimama, akawaeleza kuhusu bega, na ufagio, na basi mwanangu. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja aliandika kwamba mgeni amechoka.

Alipokuwa anatoka, Mkuu wa Maswali alimsindikiza mpaka langoni. Karani alikuwa amekaa palepale, kitabu wazi.

"Swali lako lilikuwa na sehemu nyingine," Mkuu akasema taratibu. "Karani alikuona ulivyoimeza. Mimi naijua sura hiyo. Ni siku, sivyo? Ulimchelewesha siku."

Hoza akageuza macho kwenye kitabu cha karani.

"Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Vijiji viwili. Kimoja kinapewa dawa siku ya kwanza, kingine siku ya nne. Kesho tunaanza kuvizalisha, baada ya wiki kumi na mbili unajua. Utalala usingizi, fundi. Mimi sikuwahi kupewa nafasi hiyo."

Karani akachovya kalamu kwenye wino.

Upepo wa nchi kubwa ukaingia, mrefu, mpaka chumba cha mwisho. Hoza aliwafikiria watu ishirini ambao bado hawajazaliwa, masikio yao mazima, na mmoja wao ambaye angemwambia amesahau mlango wazi. Akaifikiria dawa ambayo jibu hilo lingemletea mtu fulani mahali fulani, akaona hakuna; lingemletea yeye peke yake usingizi. Akamfikiria Mwanahawa anacheka siku ya kwanza, anacheka siku ya pili, anacheka siku ya tatu.

Upepo ukatoka. Karani akamtazama mdomoni. Hoza akaufunga.

Ukaingia tena, ukatoka tena.

Mara ya tatu upepo ulipotoka, karani alifuta kalamu, akainama, akaandika mahali pa swali neno ambalo katika kitabu kile halikuwahi kuandikwa: *Hana*.

Hoza akaliacha neno hilo kama lilivyo, ingawa lilikuwa la uongo, akatoka nje ya lango.